Sokoni, Saa Kumi na Moja



Sisi tuliolelewa na Kitabu cha Sala cha zamani tunakumbuka kwamba Jumapili ya tatu kabla ya Kwaresima, ile iliyoitwa Septuagesima, ilikuwa na Injili yake isiyobadilika: Mathayo 20, habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua. Mwaka baada ya mwaka tuliisikia, na pengine kwa kuisikia mno tuliacha kuisikiliza. Tunaomba ruhusa ya kuirudia katika kurasa hizi, kwa kuwa limetokea jambo katika mtaa wetu wa kanisa lililotulazimisha kuisoma upya, tena kwa aibu.

Kwanza tuangalie saa. Wazungu wanapoisoma habari hii katika lugha zao hawana budi kuelezwa ile saa ya kumi na moja ni saa ngapi kwao, maana wao huanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi hatuna haja ya maelezo. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, na kila mtu wa Gerezani anajua jua liko wapi saa hizo. Saa kumi na moja jioni wachukuzi wa Kariakoo wanashusha mizigo ya mwisho, wenye maduka wanaanza kuvuta milango ya chuma, na foleni ya mabasi ya mwendo kasi pale kituo cha Gerezani inazidi kurefuka. Na pembeni, juu ya ukingo wa barabara, wako watu waliokaa tangu asubuhi: huyu na mwiko wa uashi, huyu na ndoo ya rangi na brashi, huyu na msumeno uliofungwa gazeti. Hakuna aliyewachukua. Wanangoja bado, si kwa sababu wanatumaini sana, bali kwa sababu wanaogopa kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mwenye shamba aliwauliza watu kama hao kwa nini wamesimama pale mchana kutwa bila kazi. Wakamjibu kwa maneno machache kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Tunawasihi mwangalie kile ambacho Bwana wetu hakukitia katika hadithi yake. Mwenye shamba hakuwabishia. Hakuwaambia kwamba mwenye bidii hakosi kazi. Hakuwauliza mbona asubuhi hakuwaona. Aliukubali ushuhuda wao, akawaambia waende shambani, na jua lilipokuchwa akawapa dinari moja kila mtu, sawasawa na waliofanya kazi tangu alfajiri.

Sasa jambo lenyewe. Siku moja, yapata saa nne asubuhi, tulikuwa tunapita bustani ya Mnazi Mmoja tukamwona mwanafunzi wetu wa zamani ameketi kwenye benchi, amevaa sare ya kazi iliyopigwa pasi, na kando yake ana kibakuli cha chakula kilichofungwa vizuri katika kitambaa. Alipotuona alisimama upesi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Leo huendi kiwandani?"

"Niko zamu ya usiku, Mwalimu."

Tukaagana. Lakini mtu wa zamu ya usiku hatembei na chakula cha mchana saa nne asubuhi, na sisi tuliokaa mbele ya darasa miaka mingi tunaijua sauti ya mtoto anayesema alichokiandaa. Juma lililofuata tulipita tena, tukamkuta palepale. Safari hii tuliketi, wala hatukumwuliza neno. Baada ya kitambo alisema mwenyewe. Kiwanda alichokuwa fundi wa mashine kilikuwa kimewapunguza watu, naye alikuwa mmojawapo. Ilikuwa mwezi wa tatu huo. Kila siku mkewe alimpikia, naye kila siku alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa hakujua jinsi ya kuwaambia watoto.

Kwa Kiswahili husema kibarua cha mtu kimeota nyasi. Watu hucheka wanapolitamka neno hilo, na sisi tumewahi kucheka. Kibarua maana yake ya asili ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili kionyeshe kwamba amefanya kazi na anastahili ujira. Mtu akiitwa kwa jina la kikaratasi chake, kikaratasi kikipotea anaitwa nani? Ndugu yetu yule alituambia kwamba kilichomuuma kuliko njaa ni kwamba hakuna mahali duniani ambapo asipofika mtu atauliza mbona hajafika.

Tulimwambia, "Kanisani tungeuliza." Akatazama chini. Ndipo tulipotambua kwamba kanisani nako alikuwa hajaonekana muda mrefu, na hakuna aliyeuliza. Sisi tulikuwa miongoni mwa wasiouliza. Tena sababu yake ya kutokuja ilikuwa sisi. Jumapili moja, baada ya matangazo, ilisomwa orodha ya Wakristo ambao hawajamaliza ahadi zao za mwaka, na jina lake lilikuwamo. Orodha ile ilisomwa kwa sauti nzuri sana, herufi hazikumezwa hata moja. Aliyeiandika kwa mwandiko safi ni sisi.

Wapenzi wasomaji, tunayaandika haya ili kuungama, si kumlaumu mtu. Lakini baada ya kuungama yafaa tutafute jinsi tulivyofika hapo. Tunadhani tulifika kwa njia ya andiko moja lililopotoshwa. Katika waraka wa pili kwa Wathesalonike, sura ya 3, Mtume Paulo anasema juu ya chakula cha yule asiyetaka kufanya kazi. Asiyetaka! Wahubiri wengi, na walimu pia, tumeliondoa neno la kutaka tukabaki na asiyefanya kazi, kana kwamba ni mtu yuleyule. Mwalimu yeyote wa sarufi angeweka alama nyekundu hapo. Yule wa sokoni saa kumi na moja alitaka tangu alfajiri.

Na si kanisa peke yake lililokosea hapo. Waliokuwapo Dar es Salaam mwaka 1983 wanaikumbuka Nguvu Kazi. Mwaka huo ilitungwa sheria ya kumtaka kila mwenye nguvu awe na kazi inayotambulikana, na katika utekelezaji wake watu walikamatwa barabarani kwa sababu hawakuweza kuonyesha kitambulisho cha kazi. Wengine walipakiwa magari wakapelekwa vijijini na mashambani, na wengi wao walirudi mjini baada ya muda. Kariakoo na Gerezani hazikusalimika. Tulikuwa walimu vijana, na twakiri kwamba wakati ule hatukuona ubaya. Tulifikiri mji utakuwa safi. Neno lililotumika lilikuwa wazururaji. Lakini ndani ya neno hilo aliingizwa mvivu na mwizi, na pamoja nao mtu ambaye ghala alilokuwa akipakia limefungwa, maana miaka hiyo viwanda vilikosa vipuri na malighafi, na mashine zilisimama bila kosa la mwendesha mashine.

Jina la eneo letu hili linatupa la kuwaza. Gerezani ni mahali pa gereza, kila mtu anajua. Wasiojua wengi ni kwamba neno gereza lenyewe, kwa maelezo ya wenye kamusi, limetoka katika Kireno, igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Neno lilisafiri pwani yetu likaanza kanisani likaishia kifungoni. Tukiitazama ile orodha yetu ya ahadi, twaona kwamba safari hiyo si ndefu.

Cha ajabu ni kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kusema jambo la haki kuliko sheria ya 1983. Watu hulikumbuka Azimio kwa ukali wake juu ya wanyonyaji, na ni kweli lilisema kila mwenye uwezo afanye kazi. Lakini lilitaja wale ambao wana haki ya kuishi kwa jasho la wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na kundi la nne ambalo ni wachache wanaolikumbuka, nalo ni wale ambao Dola kwa wakati fulani imeshindwa kuwapatia nafasi ya kufanya kazi ya kujipatia riziki. Neno lililotumika ni haki. Hawakuwekwa mahali pa kuomba sadaka, wala mahali pa kukamatwa. Waliwekwa pamoja na mtoto na mzee. Yule aliyeyaandika hayo na mwenye shamba la mizabibu wangeelewana.

Haki ikiandikwa bila mfuko wa kuilipa, hata hivyo, ni barua bila muhuri. Na hapa Gerezani tunao ushahidi. Wazee wa reli waliokaa katika nyumba za kampuni hapa walikuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, wengi waliendelea na kazi chini ya mashirika mapya, lakini stahili zao za utumishi wa miaka ya Jumuiya ziliingia katika mgawanyo wa mali baina ya nchi tatu. Mkataba wa mgawanyo huo ulitiwa sahihi mwaka 1984, kila nchi ikachukua jukumu la kuwalipa watu wake. Zaidi ya miaka 25 baada ya Jumuiya kuvunjika, wazee wale walikuwa bado wanaonekana katika mitaa ya Dar es Salaam, wamekaa chini na makaratasi yao, wanadai. Tuliwazika wengine kabla hawajaona senti. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, imeamriwa kwamba mtu maskini alipwe ujira wake siku iyo hiyo kabla jua halijachwa, maana moyo wake umeutegemea. Jua la wazee wale lilikuchwa mara elfu nyingi.

Tukija katika wakati wetu, yako mambo mawili ambayo kila Mkristo mwenye kazi ya kuajiriwa inampasa kuyajua, nasi hatuoni haya kuyaeleza ndani ya mahubiri, kwa kuwa ndugu yule wa Mnazi Mmoja hakuyajua, wala sisi mwalimu wake hatukuyajua.

La kwanza ni kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka kwamba mfanyakazi aliyetimiza mwaka na mwajiri wake, akiachishwa, alipwe mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili, isizidi miaka kumi. Ukizidisha utaona kwamba mtu aliyetumika miaka kumi na mtu aliyetumika miaka ishirini na tano wote wanapata siku sabini. Siku sabini si haba, lakini si nyingi, hasa kwa mwenye watoto shuleni. Tena anayeona kwamba ameachishwa kwa dhuluma apeleke shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku thelathini. Wengi huzimaliza siku hizo wakiketi bustanini.

La pili ndilo geni zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2018, ile iliyounganisha mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma kuwa PSSSF na kuiacha NSSF iwe ya sekta binafsi, liliingizwa fao ambalo nchi yetu haikuwa nalo tangu Uhuru: fao la upotevu wa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hajafikia umri wa kustaafu, akipoteza kazi bila kuacha mwenyewe, hulipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Mwangalie sharti la kutoacha mwenyewe. Wako waajiri ambao, wakitaka kumwondoa mtu, humpa karatasi iliyokwisha pigwa chapa inayosema kwamba yeye ameomba kuacha kazi, wakamwambia, "Tia sahihi hapa upate cheki yako leo." Anatia sahihi, anapata cheki, na pamoja na cheki ameuza theluthi yake ya miezi sita. Esau aliuza kwa mchuzi wa dengu, naye alikuwa na njaa vilevile. Tusimcheke.

Fedha za fao hilo zinatoka wapi? Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, nusu yake kutoka kwa mfanyakazi na nusu kutoka kwa mwajiri. Asilimia 20 ni sehemu ya tano. Msomaji wa Biblia akisikia sehemu ya tano humkumbuka Yusufu mara moja. Katika Mwanzo 41, Yusufu alimshauri Farao achukue sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, akaiweke ghalani kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Hilo ndilo shauri la bima lililo la kwanza tunalolijua katika Maandiko, na hesabu yake ni ileile inayokatwa katika hati ya mshahara hapa Dar es Salaam. Tulipomwonyesha ndugu yetu, alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema, "Basi Mwalimu, na mimi nilikuwa nampelekea Yusufu."

Lakini hadithi ya Yusufu ina sura ya 47 pia, ambayo haihubiriwi mara nyingi. Njaa ilipofika, watu walikwenda ghalani, na Yusufu hakuwapa nafaka, aliwauzia. Walipomaliza fedha walitoa mifugo. Walipomaliza mifugo walitoa mashamba yao na nafsi zao, wakawa watumwa wa Farao. Sisi tunampenda Yusufu, lakini hatuwezi kuifunika sura hiyo. Ghala lilijazwa na mavuno ya watu, na watu walilinunua kwa uhuru wao. Kwa hiyo kila kizazi kina haki ya kuuliza kwa sauti: ghala hili ni la nani?

Swali hilo liliulizwa kwetu. Mwaka 2012 Bunge lilipopitisha marekebisho ya kuliondoa fao la kujitoa, yaani ruhusa ya mwanachama aliyetoka kazini kuchukua michango yake yote kabla ya uzee, wafanyakazi walipiga kelele, na wa migodini kuliko wote. Walisema, kazi ya mgodi huisha mtu angali na miaka thelathini na mitano. Ataishije mpaka uzee ilhali fedha yake iko ghalani? Serikali nayo ilisema kwamba akiila yote leo, akizeeka atakuwa mzigo wa nani? Mjadala huo ulirudi tena mwaka 2018, na lile fao la theluthi kwa miezi sita lilitolewa kuwa jawabu. Kwa maoni yetu pande zote mbili zilikuwa na nusu ya kweli. Mzee asiye na pensheni ni jambo la kutisha, na tumewaona. Lakini aliyetunga hesabu ya miezi sita hakuwahi kumtafutia kazi fundi wa miaka hamsini katika jiji hili. Na hata miezi sita hiyo huenda isipatikane kwa wepesi. Ndugu yetu alipokwenda kudai alikuta kwamba mwajiri wake alikuwa akimkata kila mwezi, bali kwa miezi mingi hakuupeleka mchango kunakohusika. Karatasi zake za mshahara zilionyesha makato. Ghala halikuonyesha kitu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na mitume hawakusema kwamba hayo ni mambo ya mezani yasiyo ya kiroho. Waliwaambia ndugu wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wasimamie hesabu. Kuhakikisha kwamba mchango wa mtu umefika ni kazi iliyowahi kuwekewa mikono na mitume.

Hapa yafaa tuwakumbuke wenzetu wa ushirika wetu wa Kianglikana. Uingereza ilianza bima ya kukosa kazi kwa sheria ya mwaka 1911, kwa mafundi wa kazi chache tu kwanza, kama wajenzi na waunda meli: shilingi saba kwa juma, kwa majuma 15, kutoka mfuko uliochangiwa na mfanyakazi, mwajiri na serikali. Haikutosha. Katika miaka ya 1930 kazi zilipokauka, mamilioni walikaa bure, na kanisa halikunyamaza. William Temple, aliyekuwa Askofu Mkuu wa York na kisha wa Canterbury, alishiriki katika uchunguzi wa hali ya waliokaa muda mrefu bila kazi, uliotolewa mwaka 1938. Na katika kitabu chake cha mwaka 1942 juu ya Ukristo na taratibu za jamii alieleza kwamba ubaya mkubwa wa kukosa kazi hauko katika upungufu wa mwili, bali katika kumfanya mtu ajione ameanguka nje ya maisha ya pamoja, kwamba hahitajiki tena. Alikuwa mwana wa Askofu Mkuu, na hakuwahi kulala njaa. Fundi wetu wa mashine alitueleza jambo lilelile pale Mnazi Mmoja, bila kukisoma kitabu.

Sasa, tukihesabu waliomo ndani ya mifuko hiyo, tutaona kwamba wengi wa Gerezani hawamo. Mchukuzi wa Kariakoo hakatwi asilimia 20, hana wa kumkata. Mama lishe hana barua ya kuachishwa. Soko la Kariakoo lilipoungua mwezi wa Julai mwaka 2021, wafanyabiashara walipoteza kwa usiku mmoja bidhaa na mahali pa kuziuzia, na sheria ya 2018 haikuwa na fungu lao. NSSF imefungua mlango kwa waliojiajiri wachangie kwa hiari, na tunawahimiza wanaoweza waingie, lakini anayekula kwa siku huweka akiba kwa taabu.

Torati iliwaona watu hawa. Katika Walawi 19 mwenye shamba anakatazwa kuvuna pembe za shamba lake na kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na ya mgeni. Ruthu aliishi kwa masazo hayo, naye hakuwa mwajiriwa wa Boazi wala hakuwa amechangia kitu. Na katika Kumbukumbu la Torati 14, zaka ya kila mwaka wa tatu haikupelekwa mbali, iliwekwa malangoni mwa mji uleule, ili mgeni na yatima na mjane wale washibe. Kwa hiyo Maandiko yana ghala la aliyechangia, na yana pembe ya shamba ya asiyechangia. Serikali yetu imeanza lile la kwanza. Pembe za shamba bado zinavunwa hadi mpakani, na sisi wa kanisa ni miongoni mwa wavunaji.

Turudi sokoni. Watu waliofanya kazi tangu alfajiri walinung'unika kwa sababu wa mwisho walipewa dinari moja kama wao. Tumefundisha hesabu, na tunakiri kwamba kwa hesabu ya saa walikuwa na haki ya kushangaa. Lakini dinari ilikuwa riziki ya nyumba kwa siku moja. Mwenye shamba angewapa wa mwisho sehemu ya kumi na mbili ya dinari, wangefika nyumbani na mkate wa nani? Watoto wa aliyeajiriwa saa kumi na moja wana njaa sawa na watoto wa aliyeajiriwa alfajiri. Tena yule wa alfajiri alikuwa na kitu ambacho wa mwisho hakuwa nacho: tangu mapambazuko alijua kwamba jioni atakula. Yule mwingine alibeba hofu mchana kutwa, na hofu nayo ni mzigo mzito, ingawa hakuna anayeulipia.

Tulizungumza na Padri wetu, na jambo likafikishwa katika kikao cha wazee wa kanisa. Hapakukosekana ubishi. Mzee mmoja alisema kwamba orodha ya ahadi isiposomwa paa halitakwisha, na hilo paa twalijua linavuja juu ya kinanda. Mwingine alisema watu watajifanya wamepoteza kazi. Mama mmoja, ambaye husema mara chache, akajibu, "Mwanaume wa kujifanya hana kazi mbele ya kanisa zima mimi sijamwona bado, wa kujifanya anayo ndio wamejaa." Baada ya hapo ubishi ulipungua.

Kwa hiyo tunatangaza kama ifuatavyo. Orodha ya ahadi haitasomwa tena kanisani. Aliyepoteza kazi amwambie mzee wa kanisa wa upande wake, na ahadi yake itasimama pasipo kuulizwa maelezo. Sadaka ya Misa ya kwanza ya kila mwezi itawekwa katika sanduku la pekee kwa ajili ya unga, ada za watoto na nauli za kufuatilia madai. Akina mama wa Umoja ndio watakaolishika sanduku, kwa sababu wanajua nyumba ipi haijawasha moto. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, katika chumba cha Shule ya Jumapili, sisi pamoja na mzee mmoja aliyekuwa katika chama cha wafanyakazi tutawasaidia wenye kuandika barua na kujaza fomu. Njooni na mikataba yenu, karatasi za mshahara na namba za uanachama. Walio bado kazini nao waje, waulizie michango yao kama imefika, wasingoje siku ya kuachishwa. Atakayepewa karatasi ya kutia sahihi aje nayo kabla hajaitia.

Ndugu yule wa Mnazi Mmoja hajapata kazi bado, na dai lake la michango isiyofika linaendelea. Mkewe alikuwa amekwisha kujua tangu mwezi wa kwanza. Aliendelea kupika na kufunga kibakuli kila asubuhi kwa sababu aliona mumewe anakihitaji. Amekubali kukaa nasi mezani siku za Jumamosi, maana fomu zile sasa anazijua kuliko sisi.